Nguo Zilizobaki Kwenye Viti

Mwanamke anaamka asubuhi, redio imewashwa. Bafuni kuna mngurumo mdogo usiokoma. Anamwita mumewe, kimya. Anasukuma mlango na kuikuta mashine ya umeme ya kunyolea ndevu imelala ndani ya sinki, inatetemeka na kunguruma peke yake. Aliyekuwa ameishika hayupo. Redioni mtangazaji anaeleza kuwa watu wametoweka kila pembe ya dunia.

Picha hiyo haijanitoka kichwani tangu sekondari. Filamu yenyewe inaitwa A Thief in the Night. Ilitengenezwa mwaka 1972 katika jimbo la Iowa, Marekani, na Russell Doughten pamoja na Donald W. Thompson, kwa fedha kidogo, na haikuzaliwa kwa ajili ya majumba ya sinema. Ilizungushwa makanisani, kwenye kambi za vijana na kumbi za shule. Sisi tuliiona kwa kanda ya video, Jumamosi usiku, ndani ya bwalo la chakula, imeletwa na wanafunzi wenzetu waliookoka. Kiingereza chake wengi hatukukifuata, lakini mashine ile kwenye sinki ilieleweka bila mkalimani. Usiku huo nilishtuka usingizini, nikanyoosha mkono kwenye kitanda cha jirani yangu, nikagusa shuka tupu. Nikakaa nimelishika shuka lile, nisithubutu kuita, hadi niliposikia kandambili zake zikiburuzika kutoka msalani.

Sikumwambia mtu. Miaka mingi ilipita ndipo nikaja kusoma simulizi za Wamarekani waliolelewa katika makanisa hayo, nikakuta wengi wana kisa kama changu: mtoto anarudi kutoka shule, nyumba iko kimya, sufuria iko jikoni, mama haitiki, naye anaanguka sakafuni akilia kwamba Bwana amekuja na yeye ameachwa. Mama anaingia na kapu la nguo alizoanua, asijue mwanawe amepitia nini katika dakika zile tano.

Hadithi za siku za mwisho zimepita mikononi mwa mamilioni ya watu, na tangu zamani hazijawahi kupokewa kwa moyo mmoja. Wapo walioziita mkono wa Mungu uliowaokoa. Wapo walioziita sumu. Ukifuatilia historia yake utaona kwamba mabishano makali hayakuwa kati ya kanisa na watu wa nje. Yalikuwa kati ya watu wanaofungua Biblia moja, na mara nyingi juu ya mistari michache tu.

Mistari hiyo sisi tunaijua vizuri, tena tunaijulia makaburini. Ni ile ya Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike, sura ya nne, ambayo mchungaji huisoma jeneza likiwa limeshawekwa kando ya shimo. Paulo alikuwa akiwaandikia waliofiwa. Watu wa Thesalonike walikuwa na huzuni kwa ajili ya ndugu zao waliotangulia, wakihofu kwamba Kristo akirudi wafu wao watakuwa wamekosa. Akawafariji: waliolala watafufuliwa kwanza, kisha walio hai watachukuliwa pamoja nao, wote wakutane. Tafsiri ya Kiswahili ya Union ya mwaka 1952 ilitumia hapo kitenzi kunyakua, kitenzi cha mwewe na kifaranga, na kutoka humo tukapata neno unyakuo, ambalo leo hata asiyekanyaga kanisani amelisikia kwenye daladala. Hivyo maneno ya msibani, ya kufuta machozi, ndiyo yaliyokuja kuwa mzizi wa hadithi za kutisha. Hilo ndilo linalonifanya nishindwe kuziacha hadithi hizi, hata pale ninapozikasirikia.

Aliyeipa mistari hiyo mpangilio mpya alikuwa John Nelson Darby. Alizaliwa London mwaka 1800, akasoma Dublin, akawa kasisi wa Kianglikana Ireland, kisha akajitenga na kuwa kiongozi katika kundi la Kikristo liitwalo Ndugu wa Plymouth. Kuanzia miaka ya 1830 alifundisha kwamba historia imegawanywa katika vipindi, na kwamba Kristo atakuja kwanza kulichukua kanisa lake, ndipo Dhiki Kuu ianze duniani, ndipo arudi tena mbele ya macho ya wote. Wakristo walikuwa wakingoja marejeo ya Kristo tangu enzi za mitume, lakini kungoja kwao hakukuwa na hatua hii ya kuondoka kimyakimya kabla ya mateso. Darby alivuka bahari mara kadhaa kuhubiri Marekani na Kanada. Mwaka 1909 mwanasheria aliyegeuka mchungaji, C. I. Scofield, alichapisha kupitia Oxford University Press Biblia yenye maelezo yake chini ya ukurasa, na maelezo hayo yalifuata mpango wa Darby. Nadhani tunapuuza sana nguvu ya kitu kidogo kama hicho. Mkulima wa Texas aliyefungua Biblia hiyo jioni, kando ya taa, aliona maandishi ya nabii na maandishi ya Scofield kwenye karatasi moja, chini ya jalada moja la ngozi. Baada ya miaka ishirini ya kusoma, nani angeweza kumtenganishia?

Riwaya zilikuwa zimeshaanza. Uingereza, Sydney Watson aliandika katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 hadithi za unyakuo na utawala wa Mpinga Kristo zilizosomwa sana na watu wa mrengo wa Darby. Lakini kitabu cha wakati ule ambacho bado kinaheshimika kama fasihi kilitoka kwa mtu wa upande mwingine kabisa. Robert Hugh Benson alikuwa mtoto wa Askofu Mkuu wa Canterbury. Mwaka 1903 aliingia Kanisa Katoliki, mwaka uliofuata akapewa upadri, na mwaka 1907 akatoa Lord of the World. Ndani yake hakuna watu wanaotoweka wala nguo zilizobaki vitini. Kuna dunia iliyoshiba na kutulia, ambamo watu waliochoka kuishi hupewa kifo cha upole, na kuna mwanasiasa mtaratibu anayeitwa Julian Felsenburgh anayeleta amani ya mataifa yote, hadi watu wenyewe, kwa hiari na kwa machozi ya furaha, wanamsujudia. Papa wa mwisho anajificha Nazareti na wachache waliobaki.

Kilichofuata kinanigusa zaidi ya kitabu chenyewe. Wasomaji Wakristo walimlalamikia Benson. Walimwambia kitabu chake kinakatisha tamaa, kinawavunja moyo watu waliozoea kutumaini. Benson aliwasikiliza. Mwaka 1911 akatoa riwaya nyingine, The Dawn of All, iliyopindua ya kwanza: humo dunia nzima inakubali imani ya Kikatoliki. Katika utangulizi alieleza wazi kwamba ameiandika kwa sababu ya malalamiko hayo. Leo hiyo ya pili ni wachache wanaoikumbuka, ilhali ile ya kuvunja moyo bado inachapishwa, na Papa Fransisko aliwashauri waandishi wa habari waisome alipokuwa ndani ya ndege akirudi kutoka Ufilipino mwaka 2015. Wasomaji waliomba faraja na wakapewa. Waliokuja baada yao wakashika kile kilichowaumiza wenzao.

Katikati ya karne nitapita haraka. Kuundwa kwa taifa la Israeli mwaka 1948, bomu la nyuklia na vita baridi viliwapa wahubiri wa unyakuo hazina ya mifano. Mwaka 1970 Hal Lindsey alitoa The Late Great Planet Earth, akiwa na mwandishi Carole C. Carlson, akaunganisha unabii wa Danieli, Ezekieli na Ufunuo na vichwa vya habari vya siku zile: Umoja wa Kisovieti, China, Jumuiya ya Ulaya. Hiyo haikuwa riwaya, ingawa ilisisimua kama riwaya, na nakala zake ziliuzwa kwa mamilioni. Lindsey aliacha watu waelewe kwamba kizazi kilichoiona Israeli ikizaliwa ndicho kitakachoona mwisho, na wengi wakapiga hesabu ya miaka 40, wakaishia 1988. Mwaka huo ulipita kama miaka mingine. Hapo hadithi ya kubuni ikaonekana ina faida ambayo kitabu cha hesabu hakina. Riwaya haitaji tarehe. Inasema tu, tuseme ni leo asubuhi.

Tim LaHaye alizaliwa Detroit mwaka 1926. Alikuwa na umri wa miaka kama tisa baba yake alipofariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo. Mara nyingi maishani mwake alisimulia mazishi yale: mtoto amesimama kaburini amekata tamaa, mchungaji akainua macho na kusema kwamba huu si mwisho wa baba yake, kwamba siku inakuja Bwana atakaposhuka na waliofiwa watakutana na wapenzi wao angani. Mtoto akashika neno hilo, na hakuliachia hadi alipofariki mwaka 2016 akiwa na miaka 90. Nilipokisoma kisa hicho mara ya kwanza nilikiweka kitabu chini. Nilikuwa nimeshamhukumu LaHaye kwa mengi: kwa siasa zake, kwa jinsi alivyowasema Wakatoliki. Kumbe chanzo cha unyakuo wake ni kilekile tunachokisikia sisi makaburini. Kwake haukuwa tishio hata kidogo. Ulikuwa ahadi kwamba atamwona baba yake.

Alikuja kuwa mchungaji wa Kibatisti San Diego kwa miaka 25, mwandishi wa vitabu vya ndoa na tabia, na mmoja wa nguzo za siasa za Wakristo wa mrengo wa kulia. Wazo la riwaya alilipata akiwa safarini kwa ndege. Aliona rubani akimtongoza mhudumu wa ndege; rubani alikuwa na pete ya ndoa, mhudumu hakuwa nayo. LaHaye akajiuliza: vipi kama unyakuo ungetokea sasa hivi, mke wa huyu bwana akiwa mlokole nyumbani? Yeye hakuwa mtunzi wa hadithi. Wakala wake akamkutanisha na Jerry B. Jenkins, mtu wa kazi, aliyekuwa ameandika maisha ya wanamichezo na aliyemsaidia Billy Graham katika kitabu cha kumbukumbu zake. LaHaye akawa anaandaa mtiririko wa unabii, Jenkins anaandika. Mwaka 1995 Tyndale House ya Carol Stream, Illinois, ikatoa kitabu cha kwanza, Left Behind, yaani walioachwa.

Sura ya kwanza ni kazi nzuri, na nasema hivyo nikijua wapo watakaokunja uso. Ndege kubwa ya Boeing 747 inavuka Atlantiki usiku kuelekea London. Rubani Rayford Steele anamuwaza mhudumu Hattie Durham. Anatoka chumba cha marubani, anamkuta Hattie ameganda kwa hofu: abiria wengi wametoweka. Bibi mmoja mzee anamtafuta mumewe, na mbele yake, kwenye kiti, nguo zote za mzee zimekaa vilevile alivyozivaa. Mwandishi hapigi kelele hapa. Anakuonyesha nguo, viatu na mto wa kulalia, halafu anakuacha umalizie mwenyewe. Rayford anageuza ndege, anarudi Chicago, na nyumbani anakuta gauni la kulalia la mkewe Irene limebaki kitandani, na nguo za kulalia za mtoto wao wa kiume kwenye chumba chake. Baadaye tunamkuta Bruce Barnes, mchungaji msaidizi aliyehubiri miaka yote bila kuamini kwa dhati, naye ameachwa. Huyo ndiye mhusika niliyemhurumia kuliko wote, mtu aliyekuwa na funguo za kanisa mfukoni na bado akabaki nje.

Mauzo yalianza taratibu, ndani ya maduka ya Kikristo, ambayo waandaaji wa orodha kubwa za mauzo Marekani walikuwa hawayahesabu ipasavyo. Kisha vitabu vikaingia maduka ya jumla, penye sabuni na matairi. Mwaka 2000 The Indwelling ikafika namba moja kwenye orodha ya New York Times. Desecration ilitoka Oktoba 2001, wiki chache baada ya minara ya New York kuangushwa, ikawa riwaya iliyouzwa kuliko zote Marekani mwaka huo, ikimwondoa John Grisham kwenye nafasi aliyoikalia kwa miaka. Mfululizo ulifika vitabu 16 ulipofungwa mwaka 2007, na vingine 40 vifupi kwa ajili ya vijana. Nakala zilizouzwa zilipita milioni 60.

Ndipo mgawanyiko wa wasomaji ukawa jambo la hadharani.

Wakatoliki waliona wametukanwa. Katika hadithi yupo Papa aliyenyakuliwa, lakini ni yule aliyekuwa ameanza kufundisha mambo yanayofanana na ya Martin Luther; anayefuata, kardinali wa Cincinnati, anakuwa kuhani mkuu wa dini moja ya dunia chini ya Mpinga Kristo. Mwaka 2003 maaskofu wa Illinois, jimbo lilelile la mchapishaji, walitoa tamko kwamba vitabu hivyo vinapinga Ukatoliki. Mwaka huohuo Carl Olson, aliyelelewa katika mafundisho ya unyakuo kabla ya kuwa Mkatoliki, aliandika kitabu kizima cha kujibu. Kwa upande wa Walutheri, Barbara Rossing, mwalimu wa Agano Jipya Chicago, alitoa The Rapture Exposed mwaka 2004. Hoja yake inasimama juu ya sura za mwisho za Ufunuo: humo mji mtakatifu unashuka, Mungu anakuja kukaa na watu duniani. Anayefundisha kwamba wema watang'olewa na dunia iachwe iungue, asema Rossing, anawafundisha watu kutoijali dunia.

Wayahudi walikuwa na jeraha lao. Katika mpango huu wengi wao wanaangamia na waliobaki wanamwamini Yesu. Gershom Gorenberg, mwandishi wa Jerusalem aliyeyachunguza makundi ya siku za mwisho kwa miaka mingi, aliwaonya Waisraeli wasiopenda kuuliza maswali kwamba upendo wa Wakristo hawa kwa Israeli unawahitaji kama waigizaji wa tamthilia ya wengine. Mwaka 2004 ilipotoka Glorious Appearing, ambamo Kristo anarudi na majeshi ya adui yanapasuka kwa neno lake tu, Nicholas Kristof wa New York Times aliuliza Wamarekani wangesema nini kama Waislamu wangeandika riwaya kama hiyo na kuiuza kwa mamilioni. Swali hilo lilikuwa la haki. Msomaji Mwislamu wa Zanzibar au Mombasa ana Masihi Dajali wake na ana Nabii Isa anayerudi; simulizi za namna hii si ngeni kwake. Anajua pia zinavyoweza kugeuka mikononi mwa mtu mwenye hasira.

Ila ugomvi uliouma zaidi ulikuwa wa ndani ya nyumba. Hank Hanegraaff, mtangazaji maarufu wa kipindi cha redio cha kujibu maswali ya Biblia, aliandika na mtunzi Sigmund Brouwer riwaya The Last Disciple. Humo mnyama wa Ufunuo ni Nero, na mambo mengi ya kitabu hicho yalishatimia katika karne ya kwanza. Iliyochapisha riwaya hiyo mwaka 2004 ni Tyndale House hiyohiyo. LaHaye alikasirika mbele ya waandishi wa habari, akiona kwamba fedha iliyotokana na vitabu vyake inatumika kubomoa anachokiamini. Mchapishaji akasimama na uamuzi wake. Naona ilikuwa ni heshima kwa wasomaji kuwekewa riwaya mbili zinazopingana kwenye rafu moja na kuachiwa wasome wenyewe.

Na wasomaji wa kawaida? Hao ndio tunaowasemea sana bila kuwauliza. Amy Johnson Frykholm aliwauliza. Kitabu chake Rapture Culture cha mwaka 2004 kimetokana na kuketi na watu waliosoma mfululizo huu na kuwasikiliza. Wengi hawakukiokota kitabu dukani. Walipewa na dada, na mama, na jirani wa kanisani. Kusoma kwao kulikuwa namna ya kuwa karibu na mtu, na pengine namna ya mtu huyo kusema asichoweza kukisema mezani: nakuogopea. Na hawakumeza kila kitu. Walichagua, wakabisha, wakaruka kurasa. Jenkins naye hakujifanya mwanafasihi. Alisema wazi kwamba anawaandikia watu wa kawaida na kwamba yeye ni mmoja wao. Ninaona hapo alistahili kusikilizwa zaidi ya alivyosikilizwa. Wakosoaji wengi walikosoa sentensi zake, na sentensi zake kweli ni nyepesi, lakini mama wa Ohio aliyempa mwanawe kitabu hicho hakuwa akitafuta sentensi.

Filamu zilikuja. Ya mwaka 2000 alikuwamo Kirk Cameron. Ya 2014 alikuwamo Nicolas Cage, na ikaangushwa na karibu kila mhakiki, hata jarida la Wakristo wa kiinjili la Christianity Today. Sioni haja ya kukaa nazo.

Kwetu riwaya hizi hazikufika kwa matangazo. Zilifika kama zinavyofika mashati, ndani ya makontena ya mitumba, zikatandazwa kando ya barabara kati ya kamusi na vitabu vya hisabati vya nchi nyingine. Picha zake, hata hivyo, zilitangulia, kupitia kanda za video na mikutano ya injili, na ziliota mizizi. Mwaka 2019 Kenya ilipoanza kuwaandikisha watu kwa Huduma Namba, walijitokeza waliokataa kwa hofu kwamba hiyo ndiyo chapa ya mnyama, 666, na serikali ikalazimika kukanusha. Sisemi ni riwaya iliyowatia hofu. Nasema hofu ile ilikuwa na picha tayari, na picha huwa inachorwa na mtu mahali fulani.

Nakala yangu ya kitabu cha kwanza niliinunua hivyohivyo, barabarani. Msomaji wake wa mwanzo, huko ilikotoka, alikuwa na penseli. Alipigia mstari sala za kutubu, na kwenye ukurasa wa mwisho mtupu aliandika orodha ya majina ya kwanza tu, yapata kumi, mengine yamewekewa alama ya vema, mengine hayana. Sijui kama ni ndugu zake, lakini niliiona orodha hiyo nikakumbuka akina mama wa kwetu wanaoombea watoto wao kwa majina alfajiri, mmoja baada ya mwingine.

Kitabu hicho nilimsimulia mama yangu mdogo, mlokole wa tangu ujana wake, anayengoja unyakuo kwa utulivu kama mtu anayengoja mvua za masika. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na ungo mapajani, anachambua mchele. Nikamweleza ndege, nguo vitini, rubani, mchungaji aliyeachwa. Alisikiliza vidole vikitembea, chuya huku, mawe kule.

Nilipofika mahali ambapo watoto wadogo wote wa dunia wanachukuliwa, hata walio matumboni, vidole vikasimama.

"Wote?"

"Wote, mama."

"Na mama zao, wale wasiookoka, wakafanyaje?"

Nikamwambia walilia. Nikamwambia ndege zilianguka, barabara zilijaa magari, baada ya siku chache ofisi zikafunguliwa, mwandishi wa habari akaendelea na uchunguzi wake na Mpinga Kristo akaanza kupanda ngazi za Umoja wa Mataifa.

"Ofisi zikafunguliwa," alirudia. "Mwanangu, mimi nilimzika wa kwangu mmoja, nikakaa mwaka mzima sijui chumvi iko wapi jikoni. Huyo aliyeandika amewasahau wale kina mama."

Sijasoma hoja nzito kuliko hiyo kwa mhakiki yeyote. Kitabu kinawahurumia sana waliobaki kama roho zinazopaswa kuokolewa, na kinawahurumia kidogo mno kama watu waliofiwa. Paulo alianza na waliofiwa. LaHaye mwenyewe alianza akiwa mmoja wao, mtoto kaburini. Mahali fulani kati ya kaburi lile la Detroit na kitabu cha kumi na sita, huzuni ikageuka mtambo wa kusukuma matukio.

Nilitaka kumweleza mama mdogo habari ya mtoto yule na baba yake, na nikamweleza. Alinyamaza. Akapeta ungo mara mbili tatu, pumba zikaruka kwenye mwanga wa mlangoni.

"Maskini," akasema. "Kumbe alikuwa anamtafuta baba yake."

Kisha akauinamia mchele tena, na bila kuinua uso akauliza:

"Na hicho cha pili, unacho?"